Nilikunywa aloe vera ya maman ili chunusi ziishe, kidogo mtoto wa dada yangu akose kuachishwa ziwa

Wakuu, naanza na ujinga wenyewe ili mtu asiseme nimeuficha chini kabisa ya uzi: nilikunywa glasi nzima ya aloe vera. Na maganda yake. Na vile vimiiba vya pembeni.

Nikatia sukari. Nikalamba na kijiko.

Sasa ndiyo nawasalimu. Wa pwani, wa bara, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata comment moja, habari zenu. Mimi niko Bukavu, Kongo, bado niko masomoni, section ya bio-chimie (mtaona mbele kwa nini hiyo section ni aibu yangu). Kiswahili changu kina Kifaransa ndani yake, mkikutana nacho mkisalimie tu mpite. Yote haya yametokea nyumbani kwetu. Dada yangu yuko humu kwa jina la bandia, nikiongeza chumvi atanianika mbele yenu.

Twende.

Tunakaa juu ya Nyawera, nyumba iko kwenye mteremko kiasi kwamba ukiangusha chungwa barazani, unaenda kulidai kwa jirani wa chini.

Pale barazani maman alikuwa na aloe vera yake, ndani ya bidoni, dumu la mafuta lililokatwa. Wengine mnaiita mshubiri. Majani manene, yamesimama kama vidole vya mtu anayekukataza jambo. Ukiungua na mbabula, jiko letu la makaa, maman anakata kipande, anakipasua katikati, anakupaka ule ute wa baridi. Maumivu yanatulia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake toka nizaliwe. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuinywa.

Mpaka Bisimwa aliponionyesha video.

Bisimwa ni rafiki yangu, tunakaa benchi moja, na kila ujinga wangu una saini yake pembeni. Kwenye video alikuwemo baba mmoja wa Kihindi, sura inang'aa kama sahani ya harusi. Anaeleza kwamba kwao wana dawa yao ya asili inaitwa Ayurveda, ya tangu mababu wa mababu, na kwenye hiyo dawa aloe vera wanaiita kumari. Maana yake binti. Eti kwa sababu inakurudishia ujana.

Mimi nina miaka kumi na saba. Ujana wa kurudishiwa sina, ninao huo huo mmoja, na ndio ulioniletea chunusi. Paji la uso wangu lilikuwa kama barabara ya Walungu wakati wa mvua.

Baba wa Kihindi akachukua jani. Akalikata. Akalisimamisha ndani ya bakuli, akaanza kusema, "Now, very important..."

Mega zikaisha.

Wakuu, mega za Bisimwa, bando lake la intaneti, ziliisha pale pale kwenye "very important". Tukaangaliana. Bisimwa akasema, "Iliyobaki ni kupiga mu mixeur tu, si unaona?"

Nikaona.

Jumanne jioni umeme ulikuwa umekuja, maman alikuwa bado kwenye mkutano wa wazazi (ni mwalimu wa primaire), nikakata aloe. Sikukata jani moja kama mtu mwenye akili. Nilikata yote, nikaacha kidole kimoja kidogo katikati kinachotazama mbingu. Nikasaga mu mixeur, blenda yetu, na kila kitu. Ikatoka kitu cha kijani chenye povu la njano.

Uchungu wake siwezi kuueleza. Ulimi ulitaka kurudi tumboni kujificha. Lakini nilijiambia, dawa chungu ndiyo dawa. Nikamaliza glasi. Bisimwa alionja tone moja, akakumbuka kuwa mama yake anamwita.

Hapa nisimame kidogo niwatambulishe watu wengine wa nyumbani, kwa sababu hii story haiko ya chunusi peke yake.

Dada yangu mkubwa anaitwa Nsimire. Ni muuguzi. Alikaa nyumbani muda mrefu bila kazi, mume wake yuko Kindu anatafuta maisha, na yeye alirudi kwetu na mtoto wake Aganze. Wiki hiyo hiyo alipata nafasi kwenye kituo cha afya huko Walungu. Kule atalala wiki nzima, kurudi ni Jumamosi. Mkuu wa kituo alimwambia bila kuzungusha: Jumatatu asubuhi asipokuwa pale, anaita anayemfuata.

Shida ilikuwa Aganze. Mwaka mmoja na miezi yake mingi, anakula bugali, anakula samaki, anakula sabuni ukimwacha, lakini ziwa la mama yake haachi. Walijaribu kumlaza chumba kingine, alilia mpaka jirani wa chini akauliza kama kuna kilio. Jina lake lina maana ya ushindi, na kweli alikuwa anashinda.

Maman akasema mambo yawe rahisi: tutatumia aloe, kama wamama wote. Unapaka ule uchungu kwenye ziwa, mtoto anaonja mwenyewe, anaacha mwenyewe, hakuna kumpiga wala kumtisha. Nsimire alikuwa amekataa pilipili kwa sababu inaunguza. Aloe akakubali.

Walipanga waanze Ijumaa.

Mimi hayo mazungumzo sikuyasikia. Nilikuwa na earphones.

Jumatano masomoni tulikuwa na interro, mtihani mdogo, ya chimie. Prof wetu ni mtu wa sheria, kwenye interro hatoki mtu hata paa likiondoka. Nilikuwa kwenye swali la pili nikasikia tumboni kitu kinageuka, polepole, kama lori linalotafuta nafasi ya kuparki.

Nikanyoosha mkono.

"Hakuna kutoka mu interro."

"Prof, si miye nataka kutoka. Iko kitu ingine inataka kutoka."

Darasa likalipuka. Prof alitazama jasho langu, akaona ukweli wake.

"Enda. Lakini acha karatasi yako hapa."

"Prof, karatasi naihitaji."

Wakuu, nilipata sifuri, lakini kwa ile sentensi bado wananivulia kofia. Sitaeleza yaliyotokea huko chooni. Nitasema tu kwamba nilienda, nikarudi, nikaenda, na kufikia saa ya mapumziko nilikuwa najua kila msumari wa ule mlango.

Nyumbani nilifika nimeshika ukuta. Na barazani nani amesimama mbele ya bidoni? Maman.

"Njo nani alinyoa aloe yangu?" (Njo ya kwetu ni ndiyo.)

"Labda mbuzi, maman."

"Mbuzi ya kisu?"

Nsimire akatoka ndani na Aganze amening'inia kifuani kwake, anakula chakula chake bila wasiwasi. Akanitazama macho, akanishika mkono, akabana ngozi, kumbe anaangalia kama nimekaukiwa maji. Muuguzi ni muuguzi.

"Ulikunywa?"

"Kidogo."

"Kidogo ya namna gani?"

"Verre moja."

"Na ile maji ya manjano?"

"Nilipiga yote mu mixeur."

"Weye!" Akakaa chini. "Mutoto wa bio-chimie! Ile ya manjano, ya chini ya ganda, njo inaharishaka watu. Hata figo inaweza kuharibisha. Mwanamuke wa mimba hawezi kuigusa, mutoto hawezi kumeza. Na weye unatia sukari!"

Alinitengenezea maji yenye chumvi na sukari, nikanywa lita nzima huku maman akinihubiria. Halafu mahubiri yakakatika. Maman alitazama bidoni, akamtazama Aganze, akasema polepole:

"Sasa mutoto tutamuachisha na nini?"

Hapo ndipo nilipojua kuhusu Ijumaa. Nsimire hakunigombeza. Alifunika tu uso kwa kanga, na Aganze akafikiri ni mchezo, akaifunua, akacheka. Ingekuwa heri anipige.

Nikasema aloe nitaitafuta mimi.

Majirani wawili walikuwa na vichipukizi tu. Wa tatu alinifukuza, ana kumbukumbu zangu za zamani na parachichi lake. Bisimwa ndiye aliyekumbuka kwamba kwa masista wa parokia kuna aloe zimepandwa mstari mzima kando ya njia. Alhamisi nikaenda baada ya masomo. Peke yangu, maana Bisimwa tena mama yake alikuwa anamwita.

Alinifungulia sista mmoja mzee, ana buti za mvua na jembe mkononi.

"Aloe ya kufanya nini?"

Wakuu, jaribuni nyinyi, kijana wa miaka kumi na saba, kumweleza sista kuhusu ziwa la dada yenu.

"Ni kwa... dada. Kwa kupaka."

"Ameungua?"

"Hapana, sista."

"Ana kidonda?"

"Hapana, sista."

"Basi kupaka wapi?"

Nikatazama buti zake. Nikasema, "Mahali mutoto anakula."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Akanikatia majani mawili makubwa, mazito kama viatu, na kunipeleka mpaka getini akiwa bado anacheka.

Nyumbani nilipita nyuma ya jikoni. Na sasa wakuu, hapa udadisi ulinishika kwelikweli. Hili jani moja lilinitesa jana, na ni hili hili linaponya vidonda vya moto. Inakuwaje? Nikaenda kwa jirani mwenye mtandao, nikaimalizia ile video.

"Very important" ilikuwa hii: jani ukilikata, lisimamishe, yale maji ya njano yote yachuruzike kwanza, halafu ulioshe, ndipo umenye ganda.

Nikafanya hivyo. Nikasimamisha majani yangu kwenye kisosi. Wakuu, ilikuwa kama kutazama mtu anatokwa na siri. Njano ikaanza kushuka kutoka pembeni, pale tu chini ya ganda, tone kwa tone, na harufu yake ile ile ya Jumanne. Katikati ya jani hakuna njano hata chembe, ni ute mweupe tu, safi kama barafu isiyo na baridi sana. Dawa mbili zimelala kitanda kimoja na hazichanganyiki mpaka aje mpumbavu na mixeur.

Nikaosha, nikamenya, nikaosha tena. Ute nikauweka kwenye kikombe safi.

Kile kisosi cha njano sikukimwaga. Nilitaka kuona kikikauka kitakuwa rangi gani, nimwonyeshe prof labda anirudishie hata nusu ya point. Nikakiweka dirishani nyuma ya pazia.

Ijumaa jioni nikamkabidhi Nsimire kikombe kama padri anayetoa sakramenti.

"Safi kabisa. Nimeondoa sumu yote."

Maman alikuwa bado hajarudi kutoka kwaya. Nsimire alikuwa na haraka, Aganze analia anavuta blauzi. Akapaka. Mimi nikageuka nikatazama kalenda ukutani, mila ni mila.

Nikasikia kimya.

Halafu nikasikia analambalamba. Halafu kicheko.

Nilipogeuka, Aganze alikuwa ananyonya na kupiga makofi. Alikuwa amefurahi kuliko siku zote. Kwake ilikuwa kama tumemwekea siagi kwenye mkate. Alimaliza upande wa kulia, akadai wa kushoto.

Nsimire alichovya kidole kwenye kikombe akaonja.

"Haina kitu. Haina goût yoyote, ladha yake ni kama maji."

"Si nimeondoa sumu?"

"Uliondoa uchungu! Uchungu njo tulikuwa tunataka!"

Akanitazama, na zile siku zote hakuwa amelia, sasa akalia. "Jumatatu, petit. Jumatatu! Hii kazi ikipotea, nitangojea ingine mpaka wapi?"

Mtu unaweza kumcheka dada yako mwaka mzima, lakini akilia kwa sababu umeosha jani vizuri mno, hakuna joke inayokuja.

Ndipo nikakumbuka kisosi.

Nilikimbia nikavuta pazia. Ile njano haikuwa njano tena. Ilikuwa imekauka imekuwa kahawia, inang'aa kama gundi ya seremala, imeshika kisosi. Nikaweka ncha ya ukucha, nikagusa ulimi.

Mnajua nyinyi wa pwani mnavyosema kitu ni kichungu kama shubiri? Nilikuwa naandika hivyo kwenye rédaction toka primaire, naweka tu ili nipate points. Sasa nimekutana nayo uso kwa uso. Nilitema mate mpaka kwa jirani wa chini.

Maman akaingia wakati huo huo, kitabu cha nyimbo kwapani. Alisikiliza yote, akachukua kisosi, akanusa. Akampa Nsimire.

Nsimire alifanya kazi kama yuko kwenye kituo chake tayari. Alikwangua kidogo sana, chini ya punje ya mchele, akalainisha na tone la maji, akapaka kwa pamba, halafu akafuta mpaka ikabaki harufu na ile alama ya uchungu tu. "Asimeze," alikuwa anasema peke yake. "Asikie tu, asimeze."

Aganze akaja anatembea kama bosi.

Akaweka mdomo. Akatoa.

Akamtazama mama yake. Akatazama ziwa. Akatutazama sisi wote mmoja mmoja, kama anatafuta nani amefanya hivi, na naapa kwangu alikaa zaidi. Mdomo ukaanza kutetemeka. Nikajitayarisha kwa kelele za kuita majirani.

Hakulia.

Alishika blauzi ya mama yake kwa mikono miwili, akaishusha chini, akafunika. Akapigapiga pale juu na kiganja, taratibu, vile tunavyompigia yeye akiumia.

"Titi bobo," akasema.

Bobo ni kidonda, kwa lugha ya watoto wa kwetu. Alifikiri ziwa limeumwa.

Nsimire akamkumbatia na alilia mara ya pili, lakini ile haikuwa ya kazi. Maman akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nikasema nimeingiwa na vumbi.

Jumamosi Aganze alirudi mara kadhaa. Mama yake akimwambia "bobo", anainama, anapuliza pale juu ya nguo, anaenda kudai uji wake. Jumapili alipuliza mara chache zaidi. Jumatatu kabla jua halijachomoza vizuri, Nsimire alipanda gari la Walungu na begi lake. Alitupungia, Aganze akiwa mgongoni mwa maman, na huyo mtoto alipoona gari linaondoka alipuliza hewani.

Kazi anayo. Jumamosi zote anarudi. Aganze sasa ziwa halikumbuki, anakumbuka mikate anayoletewa.

Sasa nilichojifunza, na sijifanyi mganga. Mtu akikwambia mmea fulani "ni dawa", muulize sehemu gani. Ute wa katikati ule wa kupoza ngozi hauna undugu na ule wa chini ya ganda, ingawa ni jani moja na mama mmoja. Msinywe. Dada anasema hata ile ya chupa kwanza umuulize muuguzi au daktari, hasa kama una mimba au tumbo lako lina matatizo yake. Na video iangalieni mpaka mwisho, mkikosa mega subirini.

Chunusi? Zipo. Ute nilipaka siku kadhaa, zikapoa kidogo, zikarudi na ndugu zao. Ile aloe ya bidoni imetoa watoto wawili, naimwagilia mimi, ni adhabu.

Prof alikitazama kile kisosi muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akanipa nusu ya point. Nusu. Sifuri na nusu.

Haya, zamu yenu. Kwenu watoto wanaachishwa na nini? Kuna mtu humu anakumbuka la kwake? Na kuna aliyewahi kuinywa kama mimi, au niko peke yangu Afrika nzima? Mjitokeze, msiniache na aibu hii.

Mimi hilo swali nilimuuliza maman ile Jumatatu jioni, tumekaa barazani, Aganze amelala. Nikamwambia, "Na miye, maman, uliniachisha na nini?"

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nayaandika alivyoyasema, sijagusa hata neno:

"Weye? Nilikupakia aloe hii hii. Ulionja, ukakunja sura, ukalia, ukarudi ukanyonya na machozi yako. Kesho nikapakia ingine mingi, ukaimaliza. Njo nilisema: huyu, siku moja ataikunywa na verre."